Dereva Aliyelikwepa Jua

Nyumba nzima tulimwita Dereva. Madam alimwita hivyo, watoto walimwita hivyo, na yeye mwenyewe akibonyeza kengele ya geti alisema, "Ni Dereva, fungueni." Jina lake nalijua, lakini silitaji, kwa kuwa naijua na hasira yake. Alikozaliwa sikujui vizuri. Alisema Pwani, na Pwani ni ndefu. Nilimkuta katika ile nyumba ya Mirdif, Dubai, akiwa ameshakaa miaka kumi na mitatu, nami nikakaa naye mingine sita, mimi jikoni na kwa watoto, yeye kwenye gari. Ninayoyasema hapa ni ya mtu niliyempikia chai kila alfajiri, si ya kusimuliwa.

Alikuwa mrefu, mkavu, ndevu zimetiwa hina, na hakuivua chepeo yake yenye ukingo mrefu hata akiwa ndani. Chini ya chepeo alivaa miwani ya kahawia, mikubwa, iliyomziba mpaka pembeni mwa uso. Madam alikuwa akimwambia, "Vua basi hiyo chepeo, mbona uko ndani?" Naye alijibu, "Nina mafua ya kichwa, madam," ugonjwa ambao sijausikia kwa mtu mwingine kabla yake wala baada yake.

Madam alizaliwa hapa hapa Dubai, ila wazee wake walitoka Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Wenzangu wa nyumba za jirani, waliokuwa wakihangaika na Kiarabu cha kuungaunga, walinionea wivu. Hawakujua kwamba mfanyakazi ambaye madam wake anaelewa kila neno hana mahali pa kusengenyea.

Gari lilikuwa dini ya pili ya Dereva. Aliliosha asubuhi na alasiri, akakagua magurudumu kwa mkono, akaisikiliza injini yake kichwa kikiwa kimeinama. Hakuondoka mpaka asikie kila mkanda umelia tak. Siku moja Sir mwenyewe, mwenye gari na mwenye nyumba, alikaa bila kufunga mkanda, na Dereva akakaa kimya, injini inanguruma, mikono juu ya magoti, mpaka Sir akacheka na kufunga. "Barabara haina mjomba," alisema. Alikuwa na misemo mingi ya namna hiyo, na yote ilihusu barabara. Mtu mwenye haraka aliambiwa kwamba mtangulizi wake yuko Al Qusais makaburini. Dereva wa teksi aliyepita bila kuwasha indiketa aliitwa maiti mtarajiwa. Na mimi nilimwamini kabisa, nikawa nalala usingizi nyuma, kichwa cha Shamma kwenye paja langu.

Shamma alikuwa mtoto wa mwisho. Nilipofika nyumbani pale alikuwa hajaota meno.

Kulikuwa na jambo la jua. Nililiona tangu mwaka wa kwanza, nikadhani ni ukaidi wa uzee. Tukienda madukani, wenzake wote waliingiza magari kwenye maegesho ya chini, penye kivuli na ubaridi. Yeye aliegesha nje, juani, mwezi wa Agosti, mahali ambapo ukigusa kitasa cha mlango unaacha ngozi. Madam akirudi na mifuko yake alikuta viti vinachoma. "Wewe Dereva, hivi una akili? Chini kote kule kuko wazi!" Alijibu kwamba chini kuna wezi wa rangi, watu wanaokwaruza magari makusudi. Handaki la uwanja wa ndege hakulipita kabisa. Alizunguka njia ndefu, akasema lina upepo mbaya.

Asubuhi alipowashusha watoto shule, njia ya kurudi Mirdif ilielekea mashariki, jua liko usoni. Hakurudi. Alibaki pale nje ya shule saa nzima, wakati mwingine na nusu, mimi nikiwa nyuma nahesabu kazi niliyoiacha. "Mzee, twende basi, sijapika." "Lipande kwanza," alisema. Hakusema nini kipande. Nikampigia madam simu nikamdanganya kwamba kuna foleni.

Safari aliyoichukia zaidi ilikuwa ya Marina. Dada yake madam alikaa huko ghorofani, na madam alipenda kwenda baada ya alasiri, ambapo unalifuata jua mpaka linazama mbele ya kioo cha gari, na kila mnara wa vioo unakurudishia mwanga wake pande zote. Siku za Marina alikuwa mtu mwingine. Hakula mchana. Alishuka kule jasho limelowesha mgongo wa shati, na ubaridi ulikuwa umewashwa njia nzima. Alisema ni tumbo.

Jikoni kwangu nako alikuwa na mambo yake. Chai ya maziwa katika kikombe cheupe aliirudisha. Alitaka kile kikombe changu cha bluu iliyoiva, nami nilikipenda, tukakigombania miezi mingi kama watoto. Mara mbili nilimkuta anajimiminia maziwa katika kikombe cheupe mpaka yakamwagika mezani, naye amesimama anayatazama. Kisha siku moja nikakuta amebandika utepe mweusi ukingoni mwa kila ngazi ya baraza. Baraza lote lilikuwa marumaru nyeupe, ukitoka nje saa sita linakupiga machoni mpaka unafumba. Alimwambia madam ni kwa ajili ya watoto wasijikwae. Madam akamsifu sana kwa kuwajali watoto.

Nilijua kwa sababu ya ukwaju. Ilikuwa siku za kusafisha nyumba kwa ajili ya Ramadhani, nimetoa vitu vyote vya friji, na nyuma ya mtungi wa ukwaju nikakuta kichupa kidogo kisichozidi kidole gumba, ndani ya pakiti la njugu. Nilidhani ni rangi ya keki iliyoharibika. Nilikuwa nimeshafungua pipa la taka aliponirukia. Sijawahi kumwona akienda mbio vile, akagonga na kona ya meza, wala hakujali.

"Nipa hiyo!"

"Ni nini?"

"Nipa kwanza, mwanangu. Tafadhali."

Nilimpa. Alikikagua kichupa, akakifuta, akakaa kwenye kiti changu cha kumenyea vitunguu. Nilimwuliza anaumwa nini, akasema vumbi la Dubai linamwasha macho. Nilimwambia dawa ya vumbi haifichwi kwenye njugu. Kisha akavua miwani, na ndipo nilipoyaona macho yake vizuri kwa mara ya kwanza. Yalikuwa macho mazuri tu, ya kawaida, na hilo ndilo lililonitisha.

"Yana presha," alisema. "Presha ya macho. Daktari asema yaliyopotea hayarudi. Hii dawa yachunga yaliyobaki."

"Yamepotea mangapi?"

"Katikati naona. Naona mpaka vidole vyako vina unga. Pembeni ndiko kwaniibia. Watu wadhani ni giza, lakini si giza. Kitu hakipo, hakipo, halafu kipo. Upande wa kulia ndio mbaya zaidi. Na likija jua usoni, hata hapo katikati pawa peupe, kama mtu amenimwagia maziwa. Nikitoka juani nikaingia kizani ghafla, kama kule chini madukani au handakini, hapo pia sioni kitu."

Nikamwambia, kwa ujinga wangu, amwambie madam. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

"Nikisema sioni, leseni yaenda. Leseni ikienda, kazi yaenda. Kazi ikienda, viza yaenda, na bima yaenda nayo. Hiyo bima ndiyo inipayo dawa. Kwetu dawa hii mwezi huu waipata, mwezi ujao waambiwa haijaja. Dawa ikienda, macho yaenda. Sasa nambie wewe, nianze kusema wapi?"

Nilikirudisha kichupa nyuma ya ukwaju mwenyewe, na tangu siku hiyo siri ikawa yangu pia. Hakunilazimisha. Mimi ndiye niliyefunga mlango wa friji.

Watu wa kwetu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimwambia hivyo siku moja, akakasirika wiki nzima. Kwani yeye hakujiona anaficha. Alikuwa na hoja yake kubwa, na hoja hiyo ilikuwa karatasi. Leseni ilipokwisha muda alikwenda kupimwa macho, kwenye duka la miwani, akakalishwa kwenye kiti na kuonyeshwa herufi ukutani. Alizisoma zote, mpaka zile za chini kabisa ambazo mimi mwenyewe nisingeziona. Herufi zilikuwa mbele yake, katikati, mahali pekee alipokuwa na macho. Wakampigia muhuri. Alikuja na ile karatasi jikoni ameinyoosha kama cheti cha ndoa. "Wamenipima, wamenipitisha," alisema, na tangu hapo kila nikimsumbua aliitaja. Ndivyo alivyokuwa: hawezi kuliondoa gari mtoto hajafunga mkanda, na anaweza kulipeleka barabarani upande mmoja haupo.

Halafu ikaja siku ya pikipiki.

Tulikuwa tumewachukua watoto shule, saa nane mchana, tunaingia mtaani kwetu, kuta nyeupe huku, kuta nyeupe huku, mchanga katikati unawaka. Alikuwa anakata kulia. Mimi niko nyuma na Shamma, nikamwona kijana wa kupeleka vyakula na pikipiki yake anakuja sambamba nasi upande ule ule wa kulia, karibu kabisa, na Dereva anazidi kukata kana kwamba njia ni tupu. Nilipiga kelele, "Kulia!" Akakanyaga breki, Shamma akarushwa mbele mpaka mkanda ukamshika. Pikipiki iliyumba, ikapita. Yule kijana aligeuka akatutolea maneno ya kwao, akaenda zake.

Mikono ya Dereva ilibaki kwenye usukani. Nilimngoja ageuke. Niseme ukweli, nilimngoja aseme khalas, imetosha. Hakusema. Nilishuka, nikafungua mlango wa mbele, nikakaa kulia kwake. "Twende," nikasema. "Upande huu mimi nipo."

Asiyeijua Dubai hataelewa uzito wa jambo hilo. Msichana wa kazi hakai mbele na dereva. Hakuna sheria iliyoandikwa ukutani, lakini kila mtu anaijua, kuanzia mlinzi wa geti mpaka mwalimu wa chekechea. Mahali pako ni nyuma na watoto. Ukikaa mbele, umesema jambo, hata kama hukufungua mdomo.

Nilikaa mbele miezi minane. Madam asipokuwamo niliongea njia nzima: kulia kuna teksi, kulia wazi, mtu anavuka, taa ya njano, polepole. Nilijifunza barabara zote za Mirdif bila kushika usukani. Madam akiwamo nilirudi nyuma, naye madam akiwa anaelewa kila neno ilibidi tutafute njia nyingine. Nilipendekeza dhikri. Nikisema Subhanallah, kulia kuna gari. Nikisema Alhamdulillah, kuko wazi. Tulijaribu siku moja, na madam akanisifu kwa uchamungu wangu. Tulipofika, Dereva alinivuta kando akiwa na hasira kweli kweli. "Jina la Mungu si indiketa," alisema. "Tafuta kitu kingine." Basi nikawa nagonga kiti chake kwa goti, mara moja kwa hatari, mara mbili kwa usalama, mpaka goti likaota sugu.

Nitasema jambo la aibu. Miezi ile nilikuwa na furaha. Kazi ya ndani ni kufuta mahali ambapo kesho utafuta tena, hakuna anayeona. Ndani ya lile gari nilikuwa na maana. Alikuwa akinisifu, mtu ambaye hakumsifu yeyote: "Binti, una macho ya mwewe." Nikajisahau kabisa kwamba nyuma yetu kulikuwa na mtoto anayeimba, na kwamba uhai wake tumeugawa vipande viwili, kipande kwa mzee asiyeona na kipande kwa mpishi asiyejua kuendesha. Usiku nilikumbuka. Asubuhi nikachemsha chai, nikakaa mbele tena.

Maneno yalifika kwa madam kupitia msichana wa nyumba ya pili, aliyetuona mara nyingi pale shuleni. Madam aliniita sebuleni.

"Saumu, hebu kaa kitako. Nasikia siku hizi wewe mahali pako ni kiti cha mbele."

"Nyuma nasikia kichefuchefu, madam."

"Miaka mitano hukusikia kichefuchefu, leo ndo wakisikia?" Alikuwa akizungusha bangili zake taratibu. "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Yule mtu ana mkewe kwao, na makamo yake ni ya babako. Mie sitaki fedheha nyumbani kwangu. Ama mnambie kuna nini, ama mmoja wenu namkatia tiketi."

Nikikataa, ataniuliza sababu, na sababu ni macho ya Dereva. Nikikubali, nimejipaka tope. Nilitoka nikaenda kumweleza Dereva, akiwa anafuta kioo cha gari. Aliendelea kufuta. "Niachie," alisema. "Mimi ndiye mkubwa. Nitalimaliza." Nilidhani anakwenda kusema kweli, na usiku ule nililia kwa kumwonea huruma, na kwa kupata nafuu.

Kesho yake madam aliniita tena, na safari hii alikuwa akitabasamu. Dereva alikuwa amesimama karibu na mlango, chepeo mkononi kwa mara ya kwanza.

"Mbona hukunambia, mtoto wewe? Kumbe mtu kaja na heri! Kanambia ataka kukuoa, na mkewe ataarifiwa, kila kitu halali. Nitawaita mashahidi mie mwenyewe, na kile chumba cha nje tutakipaka rangi."

Nilimtazama Dereva. Yeye alikuwa akitazama zulia. Mimi nimeachika mara moja, na nilikuja Dubai kwa ndege ili nisiwe mke wa mtu, na sasa nimepewa mume katikati ya sebule, mume mwenyewe ndiye huyu anayeniita mwanangu. Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka nilimfuata mpaka gereji.

"Mzee, umefanya nini?"

"Nimeliokoa jina lako."

"Umeiokoa leseni yako!"

"Vyote viwili," alisema, na alikuwa ameshatulia, kama mtu aliyepiga hesabu ikatoka sawa. "Mke akikaa mbele na mumewe, nani atauliza? Sitakugusa, wajua hilo. Ni karatasi tu."

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Afadhali waniite mzee mpenda wanawake kuliko waniite kipofu."

Nilikuwa na hasira mpaka masikio yalivuma. Kumbe katika hesabu zake zote, na mimi nilikuwa kifaa cha gari.

Alhamisi yake madam alipanga safari ya Marina, baada ya alasiri. Yeye angefuata baadaye na Sir, watoto watangulie nasi. "Nyie sasa wachumba, kaeni mbele mkipenda," alisema akicheka. Nilitoka na mkoba wa Shamma. Jua lilikuwa limeanza kulala, baraza lote linang'aa, na Dereva amesimama pembeni ya gari kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, midomo imekauka. Shamma alikuwa ameshapanda, anajifunga mkanda mwenyewe, ulimi nje kwa bidii, kwa sababu Dereva alimfundisha kwamba gari haliondoki bila tak.

Niliuweka mkoba chini, nikarudi ndani.

"Madam, Dereva haoni."

Alidhani natania. "Haoni nini?"

"Pembeni. Upande wa kulia haoni kabisa. Na jua likiwa usoni haoni hata mbele. Njoo, simama kuliani kwake, usiseme kitu."

Alitoka miguu mitupu. Alishuka zile ngazi, akaenda akasimama kuliani kwa Dereva, hatua moja tu, angenyoosha mkono angemgusa. Dereva alikuwa ananitazama mimi niliyekuwa mbele yake. Akaniuliza, "Madam yuwapi, mbona hajatoka kutuaga?"

Madam alijiziba mdomo kwa mkono, na bangili zikalia. Dereva alizisikia. Hakugeuka upande ule. Aliinamisha kichwa, akatoa funguo mfukoni, akazishika mbele yake mpaka madam akazichukua. Shamma akauliza kutoka ndani kwa nini hatuendi.

Kumbe mlango ulikuwapo siku zote, na hakuna kati yetu aliyeujaribu. Sir hakumrudisha kwao. Ami yake Sir ana duka la mabaibui mtaa wa Al Mankhool, akampeleka huko kwenye ghala, viza ikahamishwa, bima ikabaki. Dereva aliondoka asubuhi ya Jumamosi na begi moja, na kichupa chake alikuja kukichukua mwenyewe. Nilikuwa nakaanga mayai. Alifungua friji, akakitoa, akaifunga, akatoka bila kuaga.

Mimi ndiye niliyefukuzwa, mkataba ulipokwisha. Madam hakunikemea. Alisema tu, "Yeye mgonjwa. Wewe ulijua, ukampakia mwanangu miezi minane." Niliondoka bila kumuaga Shamma, maana walimpeleka kwa bibi yake siku hiyo. Sasa nafua shuka za hoteli kule Marina.

Ilipita mwaka na kitu kabla sijapata moyo wa kwenda Al Mankhool. Nilikwenda siku yangu ya mapumziko, baada ya adhuhuri, nikiwa nimepanga maneno njia nzima. Duka ni dogo, vioo na taa mbele, mabaibui yamevishwa masanamu. Msichana wa dukani alininyooshea mkono nyuma.

Ghala halina dirisha. Lina balbu moja ya njano, hafifu, na nguo nyeusi mpaka darini. Alikuwa amekaa juu ya stuli bila chepeo, bila miwani, anakunja baibui kwa vidole, anatafuta mshono, analinganisha mikono. Alikuwa amenenepa kidogo. Ndevu zilikuwa nyeupe, hazina hina.

"Mteja asubiri mbele," alisema bila kuinua uso.

"Shikamoo, mzee. Si mteja. Ni mimi, Saumu."

Vidole vilisimama. Nilidhani atanifukuza. Alisogeza maboksi mawili, akapapasa, akanivutia kiti. "Marahaba. Kaa."

Tuliongea mambo ya kuongea. Presha imeshuka, matone asubuhi na jioni, daktari ameridhika. Nilimwuliza kama anatoka kutembea. Alisema hospitali tu. Mchana jua humfukuza, na usiku taa za magari humpanukia mpaka zikagusana. Chumba cha kulala kiko juu ya duka, ngazi kumi na nne. "Huku jua halinifikii," alisema. "Wala mimi silifikii." Kisha akauliza nyumba kule wana gari gani siku hizi, nikasema sijui, kwani nami nilifukuzwa kule. Hakuwa na habari hiyo. Aliliweka lile baibui mapajani.

Ndipo nikatoa nililolijia. "Mzee, nimekuja kuomba radhi. Nilikusemea."

"Ulisema kweli."

"Ningekwambia wewe kwanza kwamba nakwenda kusema."

"Ungeniambia ningekuzuia." Akatikisa kichwa. "Si hilo, mwanangu. Kuna siku, kabla hujakiona kile kichupa, nilivuka taa nyekundu. Sikuiona. Nilisikia honi nyuma yangu ndipo nikajua. Shamma alikuwa nyuma aimba, peke yake, wewe ulikuwa waumwa. Tangu siku ile kila asubuhi nasema leo nampa madam funguo. Naingia sebuleni, ulimi wakataa, natoka, nawasha gari. Kila asubuhi. Nikawa nangoja mtu aniambie shuka."

Msichana wa dukani aliita kutoka mbele, anataka saizi kubwa yenye mikono mipana. Dereva alilisukuma lile baibui kando.

"Siku ya pikipiki," alisema, "nilikusikia wafungua mlango wako. Nikasema Alhamdulillah, Saumu ashuka, aenda kusema, imekwisha. Ukaja ukakaa mbele. Ukanipa macho, nami nikaendelea miezi minane." Alinigeuzia uso mzima, ili anipate katikati. "Mbona ulichelewa?"